Stesheni Iliyofutika: Kisa cha Ramani ya Usafiri wa Mji wa Tabora

Kisa hiki kilitokea Tabora. Nilikuwamo, na sehemu ya makosa ni yangu. Nimeondoa majina ya watu, ofisi, mitaa na vituo vidogo, na mwaka sikuutaja, ili walioshiriki kwa nia njema wasinyooshewe vidole. Wanaopenda ramani za miji huulizana mara nyingi inakuwaje njia ya reli ipotee kwenye ramani ya usafiri ilhali reli yenyewe iko palepale na treni inapita. Sisi tulifanya hivyohivyo. Tuliifuta reli bila hata mtu mmoja kutamka neno "ifutwe", na ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kuandikwa hatua kwa hatua.

Usuli

Tabora ilikuwa mji kabla ya reli. Misafara ya biashara ya Unyanyembe, eneo la kichifu lililouzunguka mji, ilikutana hapa muda mrefu kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Lakini mji tunaoujua leo umekaa ulivyokaa kwa sababu ya reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912, ukagota ziwani Kigoma 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika 1928, na tangu hapo Tabora ni makutano: abiria wa Kigoma anayekwenda Mwanza kwa treni hana njia nyingine ila kupitia hapa. Magharibi zaidi, Kaliua, likachipuka tawi la Mpanda, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi.

Tabora haina treni ya mjini kama ile ya Dar es Salaam iliyoanza Oktoba 2012 kati ya Stesheni na Ubungo, ambayo wakazi waliibatiza treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Treni yetu ni ya masafa na haiji kila siku. Hata hivyo watu wa vijiji vya pembezoni wanaitumia kama wenzao wanavyotumia daladala. Wanapandia kituo cha pili au cha tatu kabla ya mji, na madumu ya asali, magunia ya mahindi na matenga ya kuku, wanashukia Stesheni, wengine wanaelekea sokoni, wengine hospitali ya Kitete. Siku ya treni, kwa saa moja au mbili, Stesheni inakuwa mahali penye shughuli nyingi kuliko kona yoyote ya mji. Siku isiyo ya treni pamepoa, na mgeni akipita anaweza kudhani pamefungwa.

Hilo la kupoa ndilo lililotuponza.

Ofisi moja ya umma ilitaka ramani ya usafiri wa mji: bango kubwa la stendi na la hospitali, pamoja na picha ya kutuma kwenye simu. Hakukuwa na ramani ya namna hiyo. Kila mtu alizijua ruti za mtaa wake, na mgeni aliuliza. Tulikuwa watu saba. Mmoja ni mstaafu wa reli, nitamwita Mzee wa Reli kwa kuwa ndivyo tulivyomwita hata wakati ule. Mmoja aliwakilisha madereva wa bajaji, vijana watatu walijua GPS na programu za kuchora, mmoja ni mwalimu wa jiografia, na mimi nilikuwa mwandishi wa vikao na mhariri wa ramani.

Mfuatano wa matukio

Kazi ya uwandani ilikwenda vizuri mno. Tulipanda kila daladala kutoka mwanzo wa ruti hadi mwisho, tukaweka alama kila mahali konda alipogonga bodi kushusha abiria, pawe na kibao cha kituo au la. Mzee wa Reli alisisitiza tuanzie kwenye reli. Alisema barabara za mji zimejipanga kwa kuisikiliza reli, hivyo ukiichora kwanza, vingine vitakaa vyenyewe. Tukamsikiliza. Kwenye rasimu ya kwanza reli ilikuwa mstari mweusi mnene, Stesheni ikawa duara kubwa katikati, na vituo viwili vidogo vya pembezoni vilionekana, kimoja upande wa mashariki na kingine magharibi.

Rasimu ya pili ilizaliwa kikaoni. Afisa aliyeisimamia kazi, mama makini ambaye sijawahi kumwona akifanya jambo kwa uzembe, aliuliza swali la haki kabisa. "Mtu akisimama stendi akaifuata hii reli kwenye ramani, atasubiri nini? Treni ya keshokutwa?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mwalimu akapendekeza kanuni: ramani ionyeshe njia zenye safari zisizopungua kumi kwa siku, kwenda na kurudi. Wote tukaafiki, na mimi ndiye niliyeiandika kwenye muhtasari. Reli ikageuzwa mstari mwembamba wa kijivu, "kwa ajili ya mwelekeo tu". Vituo viwili vidogo vikatolewa.

Mzee wa Reli alikuwepo. Alisema, "Sawa, ilimradi Stesheni ibaki." Tukamhakikishia.

Rasimu ya tatu ilikwenda kwa mchapishaji. Aliturudishia kipande cha majaribio na kutuonyesha kwamba kijivu chembamba juu ya turubai kinaonekana kama uchafu wa mashine. Kijana wetu wa michoro akaona hakuna haja ya kuitisha kikao kwa jambo dogo hivyo. Akalizima tabaka la reli kwenye programu. Likabaki neno "Stesheni" na kialama cha jengo, sawa na msikiti, kanisa, soko na shule.

Rasimu ya nne ilitokana na ombi la madereva wa bajaji kwamba vijiwe vyao vionekane. Ombi lilikuwa na maana, maana bajaji ndiyo inayofika pasipofika daladala. Tukaviweka vyote, na vitatu kati yake viko kando ya Stesheni. Sasa programu za kuchora ramani zina tabia moja ambayo kila mchoraji anapaswa kuijua: maandishi yakibanana, yale yaliyopewa daraja la chini huondolewa na programu yenyewe, kimyakimya. Neno "Stesheni", likiwa sasa ni alama ya mahali tu, lilikuwa daraja moja na minara ya simu. Likaondoka. Tulikagua tahajia za majina yote yaliyokuwepo. Jina lisilokuwepo halikaguliki.

Ramani ikatundikwa, na watu waliipokea kwa furaha ya kweli. Niliwahi kusimama stendi nikimwangalia baba mmoja aliyetoka Nzega akifuata ruti kwa kidole hadi Kitete, akageuka kumwambia mkewe, "Ni magari mawili tu." Nilijisikia kwamba tumefanya kazi yenye thamani, na bado naamini hivyo.

Baada ya miezi kadhaa ruti za mji zilipitiwa upya. Waliokaa kuzipanga walitandaza ramani yetu mezani, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwepo. Kulikuwa na ruti moja iliyojipinda upande wa Stesheni kisha ikarudi barabara kubwa. Kwenye ramani kipinde kile kilizunguka mahali patupu. Wakakinyoosha. Gari likapunguza dakika na mafuta, na mwenye gari alishukuru.

Ambalo ramani haikulionyesha ni desturi ya madereva wa ruti ile. Siku ya treni, gari la mwisho lilikuwa halitoki mpaka honi ya treni isikike kutoka mbali na abiria washuke. Halikuandikwa popote. Liliishi vichwani mwa madereva wawili watatu na makonda wao, na ruti iliponyooshwa, desturi ikafa siku hiyohiyo.

Tulijua habari hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliniita kwake, nikamkuta mama mmoja wa makamo amekaa, madumu yake ya asali yamepangwa ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyechora ile picha ya stendi?"

"Ndiyo, mama. Mimi na wenzangu."

"Mimi nimeshuka Stesheni usiku na madumu manne. Nikakaa nangoja gari. Kijana wa bajaji akaniambia, mama, huku siku hizi si ruti, hata kwenye ramani hakuna kitu huku. Akataka nikodi bajaji nzima, hela ambayo ningeipata nikishauza. Nikalala pale mpaka alfajiri. Sasa nauliza, mwanangu: treni niliyoshuka mimi ilitoka wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi, nikamsindikiza sokoni, na jioni ile nikaenda kuziangalia rasimu zote nne upya, moja baada ya nyingine, mpaka nikaona Stesheni ilivyotolewa kwa mlango wa nyuma.

Maamuzi na sababu zake

Kila hatua ilikuwa na sababu ambayo hata leo siwezi kuiita ya kijinga. Nitazieleza kwa kuziweka karibu na zilizotokea kwenye miji yenye ramani kongwe, kwa sababu nilipoanza kusoma niligundua tulirudia mambo ambayo London na Berlin walishayafanya kwa treni zinazopita kila baada ya dakika chache.

Sababu ya kwanza, na nzito kuliko zote, haikuandikwa kwenye muhtasari wowote: reli ilikuwa ya wengine. Ofisi iliyotutuma inahusika na barabara, stendi na ruti. Reli ina taasisi yake, bajeti yake na mabango yake. Afisa alipouliza swali la treni ya keshokutwa, chini yake kulikuwa na swali jingine: mtu akilalamika kuhusu treni, tutamjibu sisi? Ramani ya usafiri, japo inajiita ya mji, kwa kawaida ni ramani ya mwenye kuichapisha. London kuna njia fupi inayopita chini ya ardhi kutoka Moorgate kuelekea Finsbury Park, iliyofunguliwa mwaka 1904. Kwa miaka mingi ilihesabiwa sehemu ya Northern line, moja ya njia za treni za chini ya ardhi za mji huo, japo haikuungana nayo kwa reli. Mwaka 1975 ilitolewa mikononi mwa Underground, yaani wenye treni hizo za chini ya ardhi, ambazo pia huitwa Tube, na 1976 treni za British Rail, shirika la reli la taifa, zikaanza kuitumia. Njia ni ileile, handaki ni lilelile, abiria bado wanashuka Moorgate kila asubuhi. Lakini ukifungua ramani ya kawaida ya Tube leo, huikuti. Iliyohama ni hati ya umiliki.

Njia ya Thameslink, inayokata London kutoka kaskazini hadi kusini, nayo iliwahi kuwa kwenye ramani hiyo, ikaondolewa kwa miaka mingi, kisha ikarudishwa Desemba 2020, wakati wa janga la korona, ili abiria waone njia nyingine za kupita bila kusongamana. Kipindi chote hicho treni zilikuwa zinakwenda. Naushikilia mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba mstari unaweza kurudi siku ile mwenye ramani anapoanza kumfikiria abiria kabla ya kufikiria mipaka ya ofisi yake.

Ugomvi wa wenye reli ukiwa mkubwa, ramani nayo hugawanyika. Ukuta wa Berlin ulipojengwa Agosti 1961, treni za S-Bahn, yaani treni za mjini zinazopita zaidi juu ya ardhi, za upande wa Magharibi ziliendelea kuendeshwa na shirika la reli la Ujerumani Mashariki. Wakazi wa Magharibi walihimizwa wazisuse, wakiambiwa kwamba nauli yao inanunua waya wa miba wa ule ukuta. Kwenye ramani za usafiri za Berlin Magharibi S-Bahn ikatoweka, ingawa iliendelea kutembea juu ya mji, mabehewa yakiwa nusu matupu. Upande wa Mashariki walifanya la kwao: njia mbili za chini ya ardhi za Magharibi zilipita chini ya mitaa yao bila kusimama isipokuwa kituo cha Friedrichstraße, na ramani zao hazikuzionyesha kabisa. Baada ya mgomo wa Septemba 1980 sehemu kubwa ya S-Bahn ya Magharibi ilisimama, na Januari 1984 shirika la usafiri la Berlin Magharibi likaichukua. Ndipo ikarudi ramanini kwa heshima. Kwetu hapakuwa na ukuta wala uadui. Palikuwa na korido mbili za ofisi zisizotembeleana, na zilitosha.

Sababu ya pili ni kanuni ya safari kumi. Kanuni ya namna hiyo ina faida kubwa: inamlinda mgeni asingoje chombo kisichokuja. Ubaya wake ni kwamba inahesabu vyombo na kuwaacha watu. Daladala kumi zenye abiria wachache zinapita mtihani. Treni moja inayomwaga mamia kwa mkupuo inafeli. Tungeandika kanuni kwa kuhesabu abiria wanaoshuka kwa wiki, Stesheni ingekuwa miongoni mwa vituo vya kwanza mjini.

Kuhusu karatasi kuwa finyu sitasema mengi. Kila mchoraji anaijua shida hiyo. Mchoro wa Harry Beck wa treni za chini ya ardhi, uliochapishwa London mwaka 1933, ulipata umaarufu kwa sababu ulithubutu kutupa umbali halisi ili majina yasomeke, na karibu kila ramani ya treni duniani imemfuata. Kutupa ni sehemu ya kazi. Mwaka 2009 wachoraji wa London walitupa hata mto Thames wakitaka kurahisisha ramani. Wananchi wakapiga kelele, meya akaingilia, na mto ukarudishwa kabla ya mwaka kwisha. Mto una watetezi wengi. Stesheni ya Tabora siku isiyo ya treni haina mtetezi, na Mzee wa Reli tulikuwa tumeshamtuliza kwa ahadi.

Iko sababu ya mwisho, ambayo ni neno tulilolitumia sisi wenyewe. Tuliposhusha reli kuwa ya kijivu, mwalimu alisema ni "kwa sasa", mpaka ratiba ikae sawa. Maneno "kwa sasa" yamezika njia nyingi. Boston, Marekani, matawi ya Green Line, njia ya treni ya mjini, yanaitwa B, C, D na E. Mgeni hujiuliza A iko wapi. Ilikuwa njia ya Watertown. Ilisimamishwa mwaka 1969 kwa maelezo kwamba ni kwa muda, mabasi yakawekwa, na haikurudi. Reli zake zilibaki barabarani kwa miaka mingi baada ya hapo. New York nako ilibomolewa njia ya treni iliyopita juu ya barabara ya Third Avenue, sehemu ya Manhattan ikifungwa 1955 na kipande kilichobaki Bronx kikifungwa 1973, watu wakiwa wameahidiwa treni ya chini ya ardhi chini ya Second Avenue. Kipande cha kwanza cha hiyo kilifunguliwa Januari 2017.

Matokeo

Toleo la pili la ramani lilitoka baada ya vikao vigumu. Reli ilirudi, safari hii kwa mstari wa vipandevipande, na ufunguo wa ramani ukaeleza kwa maneno mepesi: "Treni: si kila siku. Uliza ratiba Stesheni." Stesheni ilirudi kuwa duara kubwa, ikiandikwa kama mahali pa kubadilishia chombo. Kwenye programu tulilifunga jina lile ili lisiweze kuondolewa lenyewe, hata maandishi yabanane vipi. Madereva wa bajaji walikubali kuwa na zamu ya usiku siku ya treni, kwa bei ya kichwa na siyo ya kukodi, na mwakilishi wao alisimamia hilo kwa uaminifu.

Kituo kimoja kati ya vile viwili vidogo kilirudishwa. Cha pili hatukukirudisha. Tulikwenda, tukakaa, tukauliza, tukakuta treni imeacha kusimama pale, na wanakijiji wameshahamia barabara ya lami. Kukiweka ramanini kungekuwa kuwadanganya.

Ruti ya daladala haikurudi. Gari lililokuwa likipinda kwenda Stesheni lilishazoea njia iliyonyooka, ratiba ya mwenye gari ikawa imepangwa upya, na hakuna aliyekuwa tayari kuomba kibali kingine kwa ajili ya abiria wa siku chache za wiki. Hilo bado linaniuma. Kurudisha mstari kwenye ramani ilituchukua wiki chache. Kurudisha gari hatukuweza.

Na toleo la kwanza halijafa. Picha yake ilishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp na bado inatumwa kwa wageni, bila reli, bila Stesheni.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kazi ya uwandani. Kupanda kila gari na kufuata mkono wa konda kulitupa ramani iliyo sahihi kwa daladala, na ndiyo sababu watu waliiamini. Lakini imani hiyohiyo ndiyo iliyoipa nguvu ya kudhuru. Ramani mbovu isingetandazwa mezani na wapanga ruti. Ilitandazwa kwa kuwa ilikuwa nzuri, na wao walikuwa na haki ya kudhani kwamba palipo patupu hapana kitu.

Kazi yetu ya uwandani ilikuwa na upungufu mmoja: hatukufika Stesheni usiku wa treni. Tulifika mchana, siku za kazi, saa ambazo sisi tuna nafasi. Nafikiri watu wengi wanaopima usafiri wanafanya hivyo. Abiria wa treni yetu wanafika saa ambazo mpimaji amelala, na kwa hiyo hawakuwahi kuhesabiwa hata kabla ya kufutwa. Tungekaa usiku mmoja tu pale, desturi ya gari la mwisho tungeiona kwa macho yetu, na pengine tungeiandika.

Namna tulivyofanya maamuzi ndiyo iliyoshindwa zaidi. Hatua ya pili tu ndiyo iliyopita kikaoni. Ya tatu ilifanywa na kijana mmoja mbele ya kompyuta, ya nne ilifanywa na programu. Kila moja ilijilinganisha na ile iliyoitangulia na kuona mabadiliko ni madogo. Hakuna aliyeichukua rasimu ya nne akaiweka kando ya ile ya kwanza. Siku hizi, kwenye kazi yoyote ya ramani ninayoshika, naandika daftari la vilivyotolewa: nini kimetoka, nani ametoa, kwa sababu gani, na ni nani atakayekikosa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuijaza, na mara nyingi ndiyo inayotufanya turudishe kitu.

Nataka pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Ziko njia zilizotoka ramanini kwa sababu zilikufa kweli. Zanzibar ilikuwa na reli ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza 1905. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1920, magari yaliposhika barabara. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Paris ina njia ya mzunguko, Petite Ceinture, iliyoacha kubeba abiria 1934; vipande vya reli yake bado vipo, vimemea majani. Ramani iliyoziacha njia hizo inasema kweli. Kituo chetu cha pili kidogo kimo kundi hilo. Stesheni haimo, na kosa letu lilikuwa kuvipitisha vyote viwili kwenye mlango mmoja, kwa kanuni moja, siku moja.

Kuhusu umiliki, sina dawa kamili. Tulichofanya kwenye toleo la pili ni kumwomba mtu mmoja wa upande wa reli akae kwenye kikao cha ramani, bila barua nzito, kama jirani. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alitueleza kwamba hata wao hawakujua daladala ilikuwa ikiwasubiri abiria wao. Watu wa pande mbili walikuwa wanahudumia mama yuleyule, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo.

Jambo hili litarudi mezani karibuni, na kwa ukubwa zaidi. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea kwetu. Kipande cha Tabora hadi Kigoma peke yake kina kilomita 506 za reli, zikihesabiwa pamoja na njia za kupishania. Upana wake ni milimita 1,435, wakati reli ya zamani ni milimita 1,000, kwa hiyo treni za huku haziwezi kukanyaga kule. Morogoro, stesheni ya kisasa iko Kihonda na ile ya zamani iko kwingine mjini, na abiria anayetoka moja kwenda nyingine anahitaji chombo cha barabarani. Tabora ni makutano, hivyo watakaohitaji kuvuka kutoka reli hadi reli watakuwa wengi. Kwenye faili la ramani tumeshaliweka tabaka la pili la reli, bado tupu, na daraja lake la maandishi tumelifunga juu kabisa. Mzee wa Reli ndiye aliyechagua rangi.